Vifaranga wa Zambarau

Wiki iliyopita, hapa Majengo, mwewe alimpokonya mtoto wa shule andazi lake mchana kweupe. Mtoto alikuwa ndiyo kwanza analipeleka mdomoni. Ndege akashuka, akapita, mkono ukabaki mtupu. Watu waliokuwa kando ya barabara walicheka, wakainua nyuso kumtazama mwizi akipaa juu ya mabati. Mimi sikutazama juu. Niliwatazama watu. Nilijikuta nakagua mikono yao, hasa ya mama mmoja aliyesimama karibu na mtoto, na hata nilipoona haina kitu sikuridhika. Nilikuwa nimemwona ndege kwa macho yangu mawili, rafiki yangu, na bado nikamshuku mama wa watu.

Usinicheke. Nililelewa na bibi yangu, na bibi yangu hakuwa mtu wa kuamini vitu hivi hivi. Chumvi ya dukani aliionja kabla ya kuilipia, na akiionja alikunja uso hata kama ni chumvi safi. Kanisani, mhubiri aliposema tufumbe macho tuombe, yeye alifumba moja, lingine likabaki kwenye kikapu chake. Mgeni akimsifu, alikaa siku mbili akiwaza yule mgeni alikuwa anataka nini. Tulimwita koko, kama watoto wengi wa Goma wanavyowaita bibi zao, na sauti yake ya kuuliza maswali ndiyo iliyokuwa kengele ya nyumba yetu.

Alikuwa binti wa wafugaji wa milima ya Masisi. Kule alikulia katikati ya ng'ombe, majani mabichi na ukungu. Goma alikuta jiwe jeusi la volkano, kali, linalokata hata soli ya kandambili. Ng'ombe utamlisha nini juu ya jiwe? Basi mambo yote ya ng'ombe akayahamishia kwa kuku. Kuku wetu walikuwa na majina ya ng'ombe: Bihogo, Gaju, na wengine niliokwisha kuwasahau. Asubuhi aliwafungulia banda akiwasemesha polepole kwa Kinyarwanda, akiwaita jina moja moja. Na kama ilivyokuwa kwao na ng'ombe, ilikuwa mwiko kuwahesabu kwa mdomo au kuwanyooshea kidole. Yeye alisimama mlangoni jioni, akawatazama wakiingia, akajua kama wametimia. Mimi niliwahesabu kimoyomoyo kwa Kifaransa cha shule, nikidhani kwa Kifaransa haina dhambi.

Ua wetu ulizungukwa na ukuta wa mawe yale yale meusi, yamepangwa bila saruji. Upande wa kulia ukuta ulikuwa na pengo, upana wa mtu na bidoni lake la maji. Pengo hilo lilitupeleka kwa jirani. Siku hizo hatukuona ajabu nyua mbili kuwa na njia kati yake. Moto wetu ukizima tulikwenda kuomba kaa kwao, chumvi yao ikiisha walikuja kwetu. Jirani alikuwa mama wa makamo aliyeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, huko Kituku, na alikuwa akimlea mjukuu wake ambaye hakuwa hata ametimiza mwaka. Zaidi ya yote alikuwa na tangi la maji ya mvua. Kila asubuhi kabla ya shule nilipita pengoni na bidoni, nikachota, nikarudi. Wenzangu darasani walikuwa wameshakwenda ziwani na kurudi kwa saa hiyo, shingo zimewauma. Mimi nilifika nimepumzika, nimekula na kiporo cha maharagwe.

Sambaza alizokosa kuuza alizianika uani kwake juu ya magunia. Harufu yake iliingia kwenye nguo, kwenye madaftari, kwenye ndoto. Na mwewe waliipenda kuliko sisi. Walizunguka juu yetu tangu asubuhi, wanne, watano, mikia imepasuka katikati, wakipiga ule mluzi wao mwembamba. Bibi aliwaita agaca, kwa Kinyarwanda, na siku moja akasimama pengoni akamwambia jirani yale aliyokuwa ameyawaza wiki nzima.

"Mama, hii samaki yako ndiyo inaita agaca ku kuku yangu."

Jirani alicheka tu. Kesho yake akaja na wavu mkuukuu wa sambaza, zawadi ya wavuvi wa Kituku, akausimika mwenyewe juu ya kona ya ua wetu kwa miti minne. Chini yake vifaranga wangeweza kuchakura bila kunyakuliwa. Bibi alimshukuru. Kisha jirani alipoondoka aliukagua wavu tundu kwa tundu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mutu anagawa wavu bure juu ya nini?"

Mwaka ule Bihogo alitotoa vifaranga kumi na mmoja. Bibi aliwangojea kama mtu anavyongoja wakwe. Alitaka kuku wake wajae ua, ili siku ndugu zake wa Masisi wakija wasiseme mjini amekuwa maskini asiye na mfugo. Lakini vifaranga hawakai chini ya wavu kwa kuambiwa. Walitoka, wakatawanyika juu ya jiwe jeusi, wadogo, weupe na wa manjano, wakionekana tangu mbinguni. Ndipo mwanamke mmoja wa kanisani akamfundisha bibi kwamba mwewe hamjui kifaranga aliyepakwa rangi. Akimwona wa zambarau anadhani ni kitu kibaya, anakwenda zake.

Kwa mara ya kwanza nikaona bibi ameamini jambo bila kuuliza. Alinunua chupa ndogo ya ile dawa ya zambarau ya vidonda, tuliyoiita viole, na Jumamosi moja tukakaa kizingitini na kazi ikaanza. Mimi nilishika, yeye alipaka kwa pamba. Bihogo alitupigia kelele kutoka chini ya tenga. Vifaranga walitoka mikononi mwetu wamelowa, wa zambarau mpaka kwenye kope, wakijikung'uta kwa hasira. Vidole vyetu vilikaa na rangi hiyo wiki nzima, maana viole haitoki kwa sabuni wala kwa jivu. Jumatatu mwalimu alipokagua mikono mstarini alinisimamisha pembeni, akaniuliza nimeiba wino wa nani. Nilipomweleza habari ya vifaranga aliamua ni uongo, akaniambia nisafishe ubao mwezi mzima.

Kazi ya kulinda ilikuwa yangu. Bibi aliuza unga wa muhogo sokoni na alirudi alasiri. Mimi nilitoka shule saa sita. Kuanzia hapo nilitakiwa kukaa juu ya jiwe karibu na wavu, fimbo ndefu mkononi na bati la kupiga, macho juu. Nilikuwa na miaka tisa. Siku za kwanza nililinda kwa bidii mpaka shingo ikakakamaa. Siku ya nne au ya tano wasichana walikuwa wanaruka kamba nje ya lango, na nikajiambia zamu moja tu.

Nilisikia Bihogo akilia, si kulia kwa kawaida, ni ule ukelele mmoja mrefu. Nilipofika uani mwewe alikuwa ameshainuka, na kwenye makucha yake kulikuwa na kitu cha zambarau. Alikipitisha juu ya paa la jirani, juu ya mgomba, akapotea. Viole haikuwa imemtisha hata kidogo. Nilishika tena fimbo yangu, nikakaa juu ya jiwe.

Jioni bibi alisimama mlangoni mwa banda. Hakuhesabu. Alitazama tu, kisha akageuka.

"Agaca kalikuja?"

Ningesema ndiyo, angeuliza nilikuwa wapi. Angeuliza bati lilikuwa wapi, mbona jirani hakusikia kelele, na maswali yake yangenifikisha nje ya lango kwenye ile kamba. Kwa hiyo nikasema, "Hapana, koko. Hakuna ndege ilipita."

Nilidhani nimejiokoa. Sikujua, kwa akili ya miaka tisa, kwamba mahali ambapo hapakupita ndege lazima awe amepita mtu. Bibi alilijua hilo papo hapo. Akaenda kusimama kwenye pengo, mikono kiunoni, akatazama upande wa pili kwa muda mrefu.

Kifaranga wa pili aliondoka siku tatu baadaye nikiwa hapo hapo, na bati nikalipiga, lakini mwewe alikuwa mwepesi kuliko mkono wangu. Safari hii ningeweza kusema kweli bila aibu. Lakini ningekubali vipi ndege wa leo bila kuulizwa ndege wa juzi? Na bibi mwenyewe alikuwa amekwisha kuhukumu. "Agaca hakawezi kula kitu ya rangi hii," alisema. "Hii ni agaca ya miguu mbili." Tangu siku hiyo alianza kunusa hewa wakati wa chakula, akijaribu kujua kwa jirani wanapika nini. Alijikalisha karibu na ukuta akichambua mchele usio na mawe. Manyoya yakipeperushwa na upepo aliyaokota, akayachunguza, akayafunga kwenye pindo la kitenge. Na kila nilipotaka kusema, ulimi uligoma.

Katikati ya siku hizo, saa saba mchana, jirani alipita pengoni na mjukuu wake mgongoni. Mtoto alikuwa amelia usiku kucha. Alinifunulia kinywa chake, nikaona ulimi wote mweupe kwa vidonda. Alikuwa hali, hanywi. Muuguzi amemwambia apake viole, alisema, lakini ile siku hakuwa ameuza samaki. Akaniomba tone tu la ile chupa yetu.

Nilimpa. Najisifu kwa hilo hata leo, kwa sababu hakuna lingine la kujisifia katika habari hii. Nilipanda juu ya kiti, nikaitoa chupa kwenye rafu, nikamtilia kwenye kifuniko. Akamkalisha mtoto magotini hapo hapo, akachovya kidole na kuanza kumpaka ulimi. Alipomaliza aliniambia, "Koko akirudi utamwambia, eh? Nitamurudishia."

Nikasema nitamwambia. Lakini bibi alirudi amekunja uso, akaanza na habari ya jirani kabla hajatua hata mzigo, na mimi nikaona si siku nzuri ya kumwambia kwamba dawa yake imekwenda huko huko. Nikaongeza maji kidogo kwenye chupa ili isionekane imepungua. Nilimeza na hilo.

Kesho yake asubuhi nilikuwa kwenye tangi na bidoni langu. Bibi alikuja nyuma yangu, jambo ambalo hakulifanya kamwe. Jirani alikuwa anageuza sambaza juu ya gunia, na bibi akasimama, akatazama mikono yake. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa vya zambarau.

"Mama," bibi alisema, "hivyo vidole vyako ni nini?"

"Ni viole, mama muzee. Mutoto iko na vidonda mu kinywa."

"Viole ulitoa wapi?"

Jirani akanitazama. Alikuwa na macho makubwa yaliyozoea moshi. Alinitazama muda wa kutosha kuona kwamba sijasema, na kwamba sitasema. Maji yalikuwa yamejaa bidoni, yanamwagika kwenye miguu yangu, nami sikufunga bomba.

"Nilipewa," alisema.

"Na nani?"

"Na mutu wa roho muzuri."

Bibi alicheka kicheko kifupi ambacho sitaki kukikumbuka. Akamwambia kwamba hapa Majengo hajaona mtu anayegawa viole, ila ameona vifaranga wa viole wakipotea. Jirani aliinama akaendelea kugeuza samaki wake kwa vidole vile vile. Rafiki yangu, ningeweza kusema maneno manne tu. Ni mimi nilimupa, koko. Nimeyasema baadaye peke yangu mara nyingi, njiani, jikoni, na hayana uzito wowote mdomoni.

Siku hiyo hiyo tukaziba pengo. Bibi alipanga mawe, mimi nilimletea, na mawe ya Goma hayabebeki bila kukukwaruza. Wavu aliukunja akautupa upande wa pili. Nilisikia ukitua. Kuanzia kesho yake nikawa nakwenda ziwani na wenzangu alfajiri, bidoni kichwani, na nilifika shule shingo imeniuma kama wao. Niliiona ni adhabu yangu, nikaibeba bila kulalamika, na bibi akashangaa nimekuwa mtoto mtiifu namna gani. Bila shaka na hilo pia alilitilia shaka.

Haikupita wiki. Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani, bibi amekaa kizingitini na mimi namsuka nywele. Mwewe alishuka bila mluzi wala kivuli, akamchukua kifaranga wa zambarau hatua tano mbele ya miguu yetu, akapaa naye. Wote wawili tulimwona vizuri, hata rangi kwenye makucha. Mikono yangu ilisimama kichwani mwa bibi. Nilisubiri. Nilijua sasa ataelewa, atageuka, ataniuliza kuhusu siku ile ya kwanza, na nilikuwa tayari kabisa kulia na kusema yote.

Bibi alimfuata ndege kwa macho mpaka akapotea. Kisha akasema, "Unaona? Leo ndiyo kamejifunza kula viole."

Akaniambia niendelee kusuka.

Miezi michache baadaye jirani alihama, akaenda kukaa na kaka yake upande wa Kibati. Kabla ya kuondoka alibisha hodi kwenye lango letu la mbele kama mgeni, mjukuu mgongoni, amenona, anatafuna ncha ya kitenge. Alimwambia bibi kwamba tangi lina maji, mpangaji mpya hajafika, tuchote tu. Bibi aliitikia bila kumwinulia macho. Mimi niliitazama ile miguu minene ya mtoto mpaka ikakata kona. Jioni nilichota, na bibi akayanusa yale maji, akampa jogoo kwanza, akangoja.

Sasa nina nyumba yangu na watoto wangu, na kuku tunanunua mapaja ya barafu yaliyotoka nchi nisizozijua. Ule ua wetu umekuwa duka la vifaa vya ujenzi. Kuta za mtaa zimepanda, zina saruji na vipande vya chupa juu, na sijui jina la mtoto wa nyumba ya pili. Moto ukizima unawasha kiberiti chako. Sambaza bado zinanuka vile vile, na mwewe hawajahama, lakini sijaona tena ukuta wenye njia. Nasikitika, na sina haki ya kusikitika, maana mojawapo ya hizo njia niliiziba kwa mikono yangu.

Bibi aliishi mpaka nikawa mama. Mwaka wake wa mwisho, akiwa hawezi tena kutembea mbali, nilimwambia yote nikiwa nampaka mafuta miguuni. Kamba, mwewe, chupa, maji niliyoongeza. Alinisogezea mguu wa pili niupake. Kisha akauliza jambo moja.

"Na ule mutoto, alipona?"

Nikamwambia alipona, nilimwona siku ile wanahama. Bibi akaniambia nimtafutie pikipiki.

Tulikwenda Kibati kesho yake, yeye katikati, mimi nyuma nikimshika kiuno. Watu wa pale walikuwa wamehama, wamerudi, wamehama tena. Nyumba tuliyoelekezwa ilikuwa na mwanamke kijana anayechambua maharagwe kwenye ungo. Alisema huyo mama aliyeuza samaki aliwahi kusikia habari zake tu, aliondoka zamani, wengine wanasema Bukavu, wengine hawasemi. Bibi alikaa kwenye jiwe akavuta pumzi. Hakumuuliza yule mwanamke anajuaje, wala kwa nini anamtazama hivyo. Nilimngoja aulize na hakuuliza.

"Akirudi," bibi alisema, "umuambie mama muzee wa Majengo alikuja kumuomba musamaha. Umuambie alikuja na mutoto wake."

Alikuwa ananisema mimi, mwanamke mzima mwenye watoto wawili. Nikasogea mbele ya ungo.

"Ni mimi nilimupa ile dawa," nikasema.

Yule mwanamke alinitazama, hajui dawa gani, hajui nani. Akaitikia kwa kichwa kwa upole kama anayeelewa, akaendelea kuchambua maharagwe yake.